Neno la Kinyanjui

Jumatano, 5 Machi 2025
Willis hajapiga simu tangu Jumapili. Kijana wa jeshi la anga, fundi wa helikopta, anaruka nayo huko mpakani kwenye vita – na mimi babake sipati hata "niaje, mzee". Mke wangu Truphena anasema nimezunguka nyumba mpaka kuku wameanza kunifuata. Rahisi kusema! Nimelaumu mtandao, nimelaumu huku Njiru tunakoishi, sasa nawalaumu kuku.

Ijumaa, 7 Machi
Redio, habari za mchana: helikopta ya jeshi imeanguka karibu na mpaka. Majina hayatajwi mpaka familia zijulishwe. Nimeizima kabla Truphena hajatoka jikoni. Helikopta ziko nyingi. Nyingi sana.

Nimekumbuka zile nyumba za reli, Makongeni. Willis juu ya tangi la maji, anatazama ndege za jeshi zikitua Eastleigh. Mimi chini, napiga kelele ashuke. Nilitaka awe mtu wa reli kama mimi, kazi ya ardhini. "Sasa baba, reli itanifikisha wapi? Kisumu na kurudi?" Mjeuri! Siku alipovaa yunifomu nililia chooni, nikatoka nikasema ni vumbi.

Jumamosi, 8 Machi
Simu! Kinyanjui, rafiki yake wa kambini, yule kijana wa Buruburu. Kelele ya jenereta. Leo hata Sheng' yake aliiacha, akaongea kwa adabu kama mtu wa kanisa: "Mzee, Willis amepumzika." Nikauliza tangu lini. "Jana, mzee." Kisha "po–" na laini ikakatika. Poa, bila shaka. Vijana hawa hawajui kusema kwaheri.

Amepumzika! Nimempigia Truphena makofi pale jikoni – mwanao amelala fofofo, sisi huku tunakonda! Akapika omena akiimba. Nimempigia tena Kinyanjui, hapatikani. Nilitaka tu kumwambia asimwamshe.

Jumapili, 9 Machi
Kanisani. Mzee wa kanisa akasoma matangazo: Mama Mbeti wa Kayole amepumzika, mazishi ni Alhamisi.

Neno lile lile. Nimelisikia kanisani tangu utotoni, na jana sikulitambua! Au nililitambua nikaamua kutolitambua. Sijui. Na pole pia huanza na "po".

Truphena alikuwa akitafuta wimbo kitabuni. Sikumwambia. Njia nzima kurudi nyumbani alizungumzia chapati atakazompikia Willis akipata likizo. Naogopa. Mungu wangu, uwe usingizi tu.

Jumatatu, 10 Machi
Gari la jeshi liko langoni. Maafisa wawili na kasisi wa jeshi. Waliniuliza kama ndimi Mzee Zedekiah. Nikawaambia ngojeni nivae shati.

Nimefunga mlango wa chumbani. Shati liko kitandani, mimi naandika. Nisipotoka hawatasema.

Truphena amewakaribisha. Namsikia kupitia ukutani – kaeni, chai iko tayari. Sauti ya mwanamume: mama, tafadhali keti kwanza. Hakai! Vikombe vinalia. Anamkatiza huku akicheka, anawaambia kama wamekuja kwa sababu ya Willis wasijisumbue, rafiki yake alitupigia Jumamosi, akatuambia amepumzika.

Viti vinasogezwa.

"Baba Willis!" Ananiita. "Baba Willis, mbona huji?"

Sijafunga kifungo hata kimoja.