Nusu ya Kisa cha Mtawa

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Mtihani wa kuingia uzamili ni Septemba. Ukristo wa kale, na Kigiriki chake. Miaka ishirini ya kuandika habari za mahakama, sasa narudi darasani. Leo nimetafsiri nusu ya kisa cha mtawa wa jangwani — mkate na chumvi, tena siku moja kwa mbili, leo ale, kesho afunge. Nimemsomea Jael, mpangaji mwenzangu, akimenya viazi vya karai vya kuuza jioni. Akaacha kumenya. Akaomba nirudie, arekodi kwa simu.

Jumapili, 10 Agosti
Sauti yangu kanisani! Jael alimtumia Mchungaji Gershom wa kanisa lake hapa jirani ile rekodi, naye kaiweka kwenye spika. Nimeisikia nikiwa uani, nafua. Kisha Gershom: kama wa kale waliweza, sisi tuna nini? Ametangaza mfungo. Mwisho wake hakutaja.

Jumatano, 13 Agosti
Bi Salha, mwenye nyumba, ameniita pembeni.
“Sisi twafunga, magharibi twafuturu. Hawa wenzenu wafuturu lini, mwanangu?”
Nimerudi kwenye Kigiriki changu. Nimemaliza nusu iliyobaki haraka. Humo mtawa anaanguka kwa njaa. Wenzake wanamkemea kwa kiburi chake, wanampa uji, anakunywa. Nimempelekea Gershom. Akacheka — mwandishi wa habari hakosi la kuharibu. Waumini, akasema, wameshapata neno lao.

Alhamisi, 14 Agosti
Jael amenipa karai lake. Chukua tu, dada Nyamvula, halina kazi tena. Midomo imempasuka. Sasa hata maji hataki.

Jumamosi, 16 Agosti
Naandika mlangoni kwa Jael. Amejifungia tangu jana. Polisi nimewapigia, wanasema gari liko njiani. Asubuhi nilimsomea nusu ya pili kupitia mlangoni, kwa sauti. Nilipofika kwenye uji, akauliza polepole:
“Kwani alikunywa?”
“Alikunywa. Akaishi.”
“Mchungaji hajaiweka hiyo.”
Kisha akasema isome tena, dada. Nikaisoma. Nikaisoma tena.
Sasa hajibu.
Bi Salha amekwenda kumleta fundi avunje kitasa. Uji uko hapa miguuni, umeanza kuganda juu.
Spika ya kanisa imewashwa. Ni mimi. Mkate na chumvi, siku moja kwa mbili.