Ukumbi wa Harusi Yako

Mdogo wangu Kidosho,

Bwana asifiwe. Nakusalimu kwanza wewe, halafu nimsalimu shemeji yangu mtarajiwa, halafu nirudi tena kwako, maana salamu moja haikutoshi. Je, kile kifua kimetulia? Huku sisi wazima kwa neema. Mama miguu inamsumbua lakini mdomo haujambo. Mkubwa wangu kang'oka meno mawili ya mbele na bado anaringa. Mdogo ndiye huyu amelala miguuni pangu wakati naandika. Amekataa kuacha ziwa, na mimi sina nguvu za kugombana na mtu wa kimo chake. Baba watoto yuko karakana, ameniachia salamu zako tangu asubuhi.

Najua ungetaka nipige simu. Sikupiga kwa sababu kwenye simu ungelia, nami ukilia huwa nasahau nilichotaka kusema. Tena haya ni mambo ya kusomwa mtu amekaa. Basi kaa.

Habari za moto ulioteketeza mtaa wa nyuma ya kiwanda cha mbao ulishazipata. Ulichosikia ni moto. Hukusikia asubuhi yake. Watu walikuja kanisani si kwa sababu ni waumini wetu. Wengi wao si wa kwetu, na wengine hawana dini ya kuitaja. Walikuja kwa sababu geti letu ndilo walilolikuta wazi. Mzee wa zamu akafungua ukumbi, wakaingia. Hakuna aliyeitisha kikao. Kina mama tulifika na sufuria zetu kabla hatujaambiwa tufike.

Tangu siku ile ukumbi umekuwa nyumba. Shuka zimetundikwa kwenye kamba, kila familia na chumba chake cha nguo. Jukwaani, pale ambapo vingewekwa viti vyenu, amelala mama mmoja mwenye kichanga, aliyeungua mguu wakati akimtoa. Zamu yangu mimi ni ya asubuhi, kupika uji na kuogesha watoto, huku wangu yuko mgongoni. Harufu ya moshi haitoki kwenye nywele zao hata usugue vipi. Na tulijifunza mapema kutowasha jiko mbele yao. Mwenzangu alipiga njiti ya kiberiti tu, watoto wakakimbilia mlangoni kama vifaranga walioona mwewe. Sasa tunapikia nyuma kabisa, karibu na vyoo, na uji tunauleta umeshaiva.

Usidhani ni kilio tu. Yupo fundi viatu mmoja ambaye nguo zake zote ziliungua, akapewa joho la zamani la kwaya. Amelipenda! Anazunguka nalo akitubariki na mwiko, na watu wote wanamwita Askofu. Mama alimwambia kwamba askofu wa kweli hufunga, hanywi uji vikombe viwili. Akamjibu kwamba yeye bado yuko kwenye mafunzo. Mama alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Lakini siku nyingine namkuta amegeukia ukuta, joho kajifunika mpaka kichwani, nami napita kimya. Alikuwa na mke.

Sasa nije kwenye harusi. Mama alikwambia kwamba wazee wa kanisa wamekunyang'anya ukumbi, na uliyoyasema yamenifikia. Kwamba kanisa lililokubatiza limekutupa, kwamba mchungaji anapenda wapita njia kuliko watoto wake, na kwamba utafungia ndoa kwa kina shemeji na sisi tutaletewa picha. Mchungaji naye yamemfikia. Hakujitetea hata kwa neno moja. Ndiyo maana naandika, mdogo wangu, maana anabeba mzigo usio wake.

Wazee hawakukunyang'anya kitu. Walikuwa upande wako. Mchungaji alisema ahadi ni deni, ukumbi aliahidiwa binti yetu kabla ya moto, kwa hiyo wale watu watahamishiwa kwenye baraza za shule mpaka harusi ipite. Hakusema kwa furaha, lakini alisema. Fundi wa mapambo akaja na futi yake kupima. Alipima kutoka dirisha hadi dirisha akiruka magodoro, na kila aliporuka aliomba radhi, maskini, kazi ni kazi. Mimi nilikuwa naogesha watoto, namwona. Alipofika jukwaani, yule mama alimlaza mtoto sakafuni. Akaanza kukunja godoro. Mguu ule haukunjiki, Kidosho. Alilikunja akiwa amekaa, akijiburuta kidogo kidogo, kama mtu aliyezoea kuondoka kabla hajafukuzwa.

Jumapili, baada ya ibada, wazee walikaa na sisi kina mama kupanga jinsi ya kuwahamisha. Mzee kiongozi akasema, kwa adabu tu, vile watu husema wakiwa wanalijua jibu, kwamba yote hayo ni iwapo familia ya bibi harusi bado inauhitaji ukumbi. Mama alikuwa kitandani na miguu yake. Familia pale ilikuwa mimi.

Nilisimama na mtoto mgongoni, nikasema hatuuhitaji.

Ni mimi. Si mchungaji, si wazee. Mama aliitunga ile habari kunikinga, kwa kuwa anaujua ulimi wako, nami nikamwacha, kwa kuwa nilikuwa nimechoka na nilikuogopa. Sikukuuliza kwanza. Nilijua nikikuuliza utakataa, na sikujua ningekwenda kumwambia nini yule mama.

Ukumbi ule ninajua ni nini kwako. Ni mimi niliyekuwa nakubeba mabegani uchungulie harusi za watu dirishani mpaka shingo inauma. Na yangu mimi ilipofika, ikawa ya haraka haraka, tumbo liko mbele, watu wananong'ona, ukumbi hata hatukuthubutu kuuomba. Uliniambia siku ile nisilie, kwamba yako itakuwa ya sisi wawili. Kwa hiyo usifikiri nilitoa cha mwenzangu tu.

Sitakuomba msamaha kwa nilichosema, maana ningesema tena. Nakuomba msamaha kwa kutokukuuliza, na kwa kukuacha umseme vibaya mtu asiye na kosa. Hasira zako zilete kwangu. Mimi dada yako, nitazipokea, na ukimaliza nitakupa maji ya kunywa. Lakini mchungaji mpigie wewe mwenyewe, kwa sauti yako, usimtume shemeji.

Ibada ya ndoa iko palepale, siku ileile. Baadaye tutakaa uani, kwenye viti vya kuazima, na jua au mvua atakayotupa Mungu. Kina mama nimeshasema nao, wako tayari. Sitakudanganya kwamba itafanana na ulivyoota.

Jambo moja limebaki. Yule mama wa jukwaani hajui kwamba wewe ni mdogo wangu, na sijamwambia. Kila nikimpelekea uji huniuliza kama yule bibi harusi alipata mahali pengine, maana anasema hata usingizi haumjii vizuri akimfikiria mtoto wa watu. Namwambia alipata. Namwambia hana kinyongo na mtu.

Njoo, Kidosho. Usinifanye mwongo.

Mama anakusalimu na anasema yeye hajui lolote kuhusu barua hii, ingawa anaisoma begani kwangu. Watoto wanakusalimu. Mungu akulinde huko uliko, na mkono wako uwe mwepesi kunijibu, hata kama ni kwa ukali.

Ni mimi dada yako, wa tumbo moja na wewe.