Chura Wangu Hashuki Sakafuni

Mpendwa Mshauri Nogami, naomba msaada wako na naomba usichelewe, kwa sababu kati yangu na chura wangu sijui ni nani atakayetangulia. Moyo wangu umechoka, daktari ameacha kunipangia siku za kurudi hospitali na sasa huja mwenyewe nyumbani, na sisi wa huku Kiso, Japani, tunajua maana ya daktari anayekubali kukaa anywe chai.

Chura mwenyewe ni wa mitini, wale wanene wa kijani wenye asili ya Australia. Aliyemleta ni marehemu mume wangu, Tatsuro, akampa jina la Monaka kwa sababu akijikunja hufanana na ile keki ya maharage. Tatsuro ndiye aliyemtandikia sanduku lake la kioo, udongo wa makumbi ya nazi na magome makubwa juu yake, akiulowanisha na kuubadilisha mwenyewe, na kazi yangu mimi ilikuwa kumcheka. Alipofariki, mikono yangu haikuweza kuubeba ule udongo uliolowa, ukaanza kunuka, nikaona aibu, basi nikamwomba jirani yetu Bwana Furuhata, mtengenezaji wa ndoo za kuogea, anigawie maranda ya hinoki, ule mti wa mbao zenye harufu kali, kwa kuwa huku kwetu hinoki ni heshima, bafu ni hinoki, pipa la wali ni hinoki, jeneza la Tatsuro lilikuwa hinoki, na sikudhani yuko kiumbe anayeweza kutandikiwa kitu bora zaidi.

Tangu hapo Monaka hakushuka tena. Alipanda kioo hadi chini ya kifuniko akang'ang'ania pale pembeni, nyenje niliomwekea hakuwagusa, tumbo likaanza kuwa jekundu, nami nikasema moyoni, anaomboleza. Nikasogeza kiti, nikawa namsimulia habari za Tatsuro, na sikufichi, zile zilikuwa siku zangu nzuri kuliko zote tangu mazishi, kwa sababu mwanangu akipiga simu huniambia nijikaze, na majirani wakiniletea mboga za chumvi hunisifu kwamba nimejikaza, na hapa nilikuwa na mmoja ambaye hakujikaza.

Ndipo mke wa mwanangu, Chizuru, akaja kutoka Nagoya. Hata koti hakuvua, alifungua kifuniko cha sanduku, akarudisha kichwa nyuma huku machozi yakimtiririka.

"Mama, huyu umemweka chumbani au umemtia bafuni?"

Nikamweleza msiba wa Monaka. Nilidhani atacheka, maana yeye kila mara humtania kwamba kanona kumshinda yeye aliyezaa mapacha. Hakucheka.

"Mama, mimi nimevaa nguo na soksi, na harufu hii inanichoma. Huyu ana ngozi tupu. Haombolezi, anaikimbia sakafu."

Mshauri, nimefundisha mimea chuoni maisha yangu yote. Nimewaambia wanafunzi kwa mdomo wangu kwamba ni mafuta ya hinoki yanayofukuza wadudu na ukungu kwenye masanduku ya nguo, na kwamba chura hunywa kwa ngozi anajua kila aliyepita shule. Nilijua yote mawili, sikuyakutanisha. Lakini si hilo ninaloungama. Chizuru alitaka kuyatoa maranda palepale, nikamzuia nikisema sina cha kuweka badala yake, nikaahidi kuyatoa mwenyewe, akawahi treni yake. Sijayatoa. Yako pale ninapoandika. Kila nikinyoosha mkono nafikiri kwamba akishuka akala nyenje wake, nitabaki peke yangu na msiba huu.

Nimtandikie nini? Chizuru anapendekeza kokoto ndogo nyeupe za kupambia vyungu. Barazani nina mfuko wa udongo wa maua. Nimewaza pia kumwachia msituni nyuma ya nyumba. Na je, kuna faida gani, kama nikifa hana pa kwenda? Chizuru anasema angemchukua chura, ila udongo hauingii nyumbani kwake.

Towako, Kiso

*

Mwalimu Towako,

Pole kwa msiba. Jibu hili nimekutumia kwa posta ya haraka kabla halijachapishwa gazetini. Liweke chini, nenda ukatoe maranda, kisha urudi tuendelee.

Umeyatoa yote? Hata ya pembeni? Sasa futa kioo kwa maji matupu. Chukua karatasi za kufutia jikoni, nyeupe, zisizo na manukato wala michoro, uzilowanishe kwa maji yaliyoondolewa klorini, uzitandaze chini. Zibadilishe kila siku. Hiyo ndiyo sakafu yake kuanzia leo. Kisha mpigie daktari wa mifugo, uulize kwanza kama anatibu vyura, maana wengi hawawatibu.

Kokoto usiweke. Chura humrukia mdudu mdomo wazi, na kilicho chini ya mdudu humezwa pamoja naye. Jiwe likishaingia tumboni huenda lisitoke. Udongo wa maua una mbolea, utamchoma kama hinoki. Msituni, baridi ya Kiso itamuua, na kama ana maradhi atawaachia vyura wetu.

Kumwacha juu ya kioo ili akusaidie kulia ni ukatili. Nautaja kwa jina lake kwa sababu barua yako ndefu haikuutaja. Umesomesha wengi, huhitaji nikueleze zaidi. Akija tena mtu kukusifu kwa kujikaza, mwambie hujajikaza, kisha ulie mbele yake. Anza na Bwana Furuhata, alimfahamu marehemu.

Ule udongo wa makumbi ulikuwa salama, lakini uzuri wake ulikuwa kwa macho ya Tatsuro. Chura wa mitini hukaa matawini. Sakafu anataka tu isimdhuru. Karatasi haipendezi, lakini mkono wako unaweza kuibeba, na Chizuru hawezi kuikatalia mlangoni. Mpigie leo. Usimwulize kama atamtaka. Mtu anayefungua kifuniko kabla ya kuvua koti ameshajibu. Mwambie tu kuhusu karatasi, na aje amchukue ungali hai, uone anavyombeba.

Siwezi kukuahidi kwamba Monaka atapona. Huenda ulichelewa. Na akipona akaenda Nagoya, nyumba yako itakuwa tupu kuliko ilivyo sasa, na dawa ya hilo mimi sina.

Siku ya kumkabidhi, osha mikono kwa maji bila sabuni, uiache imelowa, ndipo umshike.

Nogami