Filamu ya Pili ya Kaka Prosper

Dubai, Jumapili baada ya misa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linasemaje? Boni ameniambia umeanza tena kushuka bondeni kukata majani ya ng'ombe, na mimi nasema hapana, akate yeye, ana miguu miwili mizima. Mimi sijambo, nakula, nasali, ni joto la huku tu linalonitesa. Nimeandika barua kwa sababu kwenye simu ningepiga kelele, nawe ungekata. Boni mdogo wangu, msomee Mama kama ilivyo, usiruke hata pale utakapoona aibu.

Nimepata ujumbe kwamba kaka Prosper, mtoto wa baba mkubwa, alikuja nyumbani na jani la isale mkononi. Eti anaomba nimsamehe, halafu nimwandikie filamu ya tatu. Nilicheka, Mama! Nilicheka peke yangu pale mlangoni kazini mpaka msimamizi wangu, mama mmoja Mfilipino, akaniuliza kama naumwa.

Kazi yangu unaijua: nachana tiketi kwenye jumba la sinema, na filamu ikiisha nafagia bisi chini ya viti. Huku nimejionea mambo. Filamu mpya isiyojulikana huanza na watu wachache, ikiwa nzuri walewale wanarudi na wake zao na majirani. Ikitoka ya pili yake, siku ya kwanza foleni inafika kwenye ngazi, maana watu wameifuata ile waliyoipenda. Zipo za pili zinazoipita ya kwanza, sibishi, hasa wakiwa ni walewale walioitengeneza. Lakini nyingine, wiki haijaisha, nafagia ukumbi ambao haujachafuka. "Ya pili inauza jina la ya kwanza," msimamizi aliniambia. "Jina likiisha, basi." Nikamkumbuka Prosper, kifua kikawaka.

Ile ya kwanza niliiandika mimi, kwenye daftari, jikoni kwako. Ndugu wawili wanagombea mpaka wa kihamba, shamba walilorithi kwa baba yao, mpaka hawazikani. Prosper alileta kamera, wewe ukawapikia watu wote mtori wiki nzima. Siku ya kwanza pale ukumbini mjini Moshi tulikuwa sisi na wajomba tu. Baadaye watu wa Kirua Vunjo wakawa wanakodi gari kuja kuangalia. Walifuata ule mwisho, mdogo mtu anapopanda asubuhi na isale kuomba msamaha, na kaka mtu, pamoja na hasira zake zote, anashindwa kulikataa. Wazee walilia. Nilipoondoka tu, Prosper akatengeneza ya pili bila kuniambia, na kwenye mabango ya filamu zote mbili akaandika mtunzi ni yeye. Jina langu halipo hata kwa wapishi.

Na kwa vile Dar imemkaa kichwani, akataka mambo ya kisasa. Kaka mtu analetewa isale, analitupa chini, analikanyaga, anachomoa bastola! Mchagga gani huyo? Boni alikuwepo. Anasema siku ya kwanza watu walijaa mpaka barabarani. Filamu ilipofika pale, mzee mmoja wa Uru akasimama akasema, "Twendeni, hapa si pa kukaa," na safu nzima ikamfuata. Kesho yake ukumbini walikuwepo Prosper na muuza tiketi tu. Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilimwambia Boni anisimulie mara tatu. Alitaka jina lake peke yake bangoni, si amelipata? Akae nalo.

Unasema isale halikataliwi, kulikataa ni mkosi. Najua, Mama, niliandika filamu nzima juu ya hilo. Yeye ndiye aliyedhani ni jani tu, mpaka shida ilipomfika. Umeuliza pia kama nitakuja Krismasi, mbuzi achinjwe, nilipokee isale mbele ya ukoo.

Sikatai. Asije mtu akasema Felista alikataa isale. Lakini linapokelewa na aliyekosewa, kwa mkono wake, na mkono wangu uko huku. Likizo yangu ya Krismasi ilikuwa imeshakubaliwa. Jana nimeirudisha, siji. Ukoo wote upande kutoka Dar na Arusha, wamkute Prosper amekaa na jani lake, wamuulize anamsubiri nani. Aseme kwa mdomo wake nani aliandika ile ya kwanza. Akiona aibu, ndiyo ninayoitaka. Akishasema mbele ya wote, hapo nitafikiria safari, na filamu ya tatu nitaiandika kwa jina langu na kamera ya mtu mwingine.

Nisalimie baba mkubwa, umwambie yeye sina neno naye. Nisalimie shangazi wa Kirua, na mke wa Boni, nasikia amejifungua salama, namshukuru Mungu. Na katekista wetu, asiache kuniombea, maana unaona mwenyewe moyo wangu ulivyo.

Wakati narudisha ile likizo nililia, Mama, na sikumlilia Prosper. Hii ni Krismasi ya tatu sikuoni, na umri haurudi nyuma. Adhabu nimempa yeye, lakini wewe ndiye utakayeweka sahani yangu mezani na kuiondoa ikiwa safi. Unisamehe. Isale la kukuletea sina.

Mwanao,
Felista