Ulezi Kwenye Upindo

2 Machi

Mwanangu mpenzi,

Hujambo huko hospitali? Wagonjwa wako wanaendeleaje? Mimi mwili mzima, ila moyo umenianguka. Kaa kitako kwanza. Msagaji wetu ameuawa. Juzi asubuhi alikutwa kinuni, kapigwa kichwani, na pembeni yake nyundo ya baba yako.

Kaka anasema alimwazima marehemu atengenezee kinu, maana kilikuwa kimeharibika wiki nzima. Nani amsikilize? Kijiji kizima kinakumbuka walivyogombania mpaka wa shamba. Alitiwa pingu mbele yangu, maranda ya mbao bado yapo kwenye nywele. Nikamwambia, "Kaka, sema kitu!" Akajibu, "Nimeshasema ukweli, dada. Sina kingine."

Anayelia kuliko wote ni mdogo wa marehemu, yule tunayemwita Mtanashati. Anasema siku ile alikuwa safarini, na kinuni hajakanyaga tangu agombane na kaka yake mwaka jana.

Shangazi yako

6 Machi

Shangazi, shikamoo.

Barua yako nimeisoma nimesimama, kukaa kumenishinda. Nikisema sijambo nitakuwa nadanganya. Baba aue mtu? Hata nyoka humwita jirani amuulie! Nimeomba ruhusa, nimenyimwa hadi mwisho wa mwezi. Basi wewe ndiye macho yangu. Kila mtu hupita kwenye cherehani yako. Wasikilize. Ila ukipata jambo, usiende peke yako.

Mwanao

11 Machi

Mwanangu,

U mzima? Mimi nimefunga mlango ndipo nakuandikia. Mtanashati kaniletea suruali niliyomshonea mwezi jana, upindo umefumuka. Anataka kuivaa akaandikishe kinu kwa jina lake. Nilipoufumua wote, ukadondoka unga mezani. Mwekundu. Ulezi!

Sasa sikia. Kinu kilipona adhuhuri ya siku ile aliyokufa msagaji. Wa kwanza kusaga nilikuwa mimi, na wa mwisho mimi. Nilisaga ulezi, na msimu mzima hapa watu wamesaga mahindi matupu. Tulikuwa wawili tu, mimi na marehemu, wala sijamwambia mtu. Huyu asiyekanyaga kinuni kaupata wapi?

Anakuja kuchukua suruali Jumamosi.

Shangazi yako

15 Machi

Shangazi, shikamoo.

Nakusihi, usimwoneshe kwamba umejua. Mwone mwenyekiti wa kijiji, mwende polisi pamoja. Nijibu upesi.

Mwanao

21 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo tena. Jumamosi imepita na sijasikia lolote. Silali, sili. Niandikie hata neno moja.

Mwanao

24 Machi

Mwanangu,

Vigelegele kwanza, salamu baadaye! Nisamehe kimya changu, nilikuwa kiguu na njia kituoni. Hata kabla ya barua yako nilishakwenda na mwenyekiti. Ofisa akacheka: "Mama, unga nao ni ushahidi?" Nikamwambia, "Mwanangu, njoo Jumamosi ukae nyuma ya pazia langu la kupimia nguo. Ukitoka bure, nakushonea sare."

Akaja. Mtanashati naye akaja, ananukia marashi. Nikamwonesha unga. "Baba, huu umeutoa wapi?"

Akacheka. "Aa, si huo ulezi wako tu uliosaga siku ile?"

"Nani kakwambia nilisaga ulezi?"

Pazia likafunguka. Mtanashati akaketi sakafuni na suruali yake nzuri, akasema yote: alirudi kwa siri jioni ile kudai sehemu yake ya kinu, akamkuta kaka yake akifagia ulezi wangu, kaka yake akakataa, na nyundo ilikuwa karibu. Nilimlilia msagaji upya, mwanangu. Kuuawa na damu yako!

Jana baba yako ametoka. Yule ofisa aliyenicheka ndiye aliyembebea sanduku la vifaa hadi mlangoni. Waliokuwa wakigeuza nyuso tukipita walijipanga njia nzima. Jirani akapaza sauti, "Seremala, tusamehe!" Kaka akasema, "Nimewasamehe. Lakini mshukuruni dada yangu, si mimi." Basi wakaninyanyua juu, mimi na uzito wangu huu! Nilicheka mpaka kilemba kikanitoka.

Usihangaike tena na ruhusa. Njoo ukipata, tule na kucheka. Sasa hivi ni mchana wa jua kali, na baba yako anakoroma chumba cha pili kama anapasua magogo. Zamani ningegonga ukuta. Leo nimesimamisha cherehani nimsikilize.

Shangazi yako