Buti Nyekundu Kando ya Shimo

Rexdale, Toronto
Jumapili, 19 Oktoba 2025

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mwanao Josaphat, kwa mkweo Dative na kwa mjukuu wako Amandine. Goti linaendeleaje? Yule dada wa zahanati bado anakuja kukuchoma sindano, au umemfukuza kama ulivyomfukuza wa kwanza? Sisi huku ni wazima, tunamshukuru Mungu. Baridi imeanza, na mimi bado niko ghalani kule Malton, napanga maboksi yanayoshushwa kwenye ndege.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu tunayo. Kwenye simu unanikatiza, Mama, nami ni mwoga, nikikatizwa napata pa kukimbilia. Isome mwenyewe, usimpe mtu akusomee. Ina neno ambalo huenda likakufanya usiniite tena mwanao, na ni neno nililopaswa kukuambia miaka kumi na mmoja iliyopita.

Yalianza jana. Nina mwenzangu wa kazini anaitwa Russell, Mgoa ambaye wazazi wake walitoka Nairobi, na Kiswahili anakivunjavunja lakini hakionei haya. Alitualika tukatembee. Watu wa huku wana mambo: mnaendesha gari mwendo wa saa tatu, mnaliacha, mnazunguka kilomita tano kwa miguu, halafu mnarudi palepale lilipo gari. Nilimwuliza tunakwenda kumtembelea nani. Alicheka, akasema hakuna mtu huko, ni nyika ya mawe na vichaka vifupi, na magofu ya machimbo ya zamani ya risasi, yale madini mazito ya kijivu. Niliposikia machimbo nilitaka kukataa. Lakini Amandine alikuwa ameshavaa buti zake nyekundu za mvua na begi liko mgongoni.

Mahali penyewe hapakunipendeza hata kidogo. Hakuna mti wa maana wa kuzuia upepo, na njia inapita kati ya mwamba na madimbwi ya maji meusi. Dative alishuka, akaonja huo upepo, akarudi garini kujifunika blanketi. Tukaenda watatu. Amandine ana miaka tisa, hawezi kutembea pole pole, kwa hiyo alikuwa mbele yetu muda wote. Nikimwita kwa Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza, na mradi nilimsikia sikuwa na wasiwasi. Kilomita ya nne tukaliona bomba la moshi la mawe, lilikuwa la tanuru la kuyeyushia madini, na kuta zisizo na paa. Amandine akapita nyuma ya kuta hizo. Nilimwita, hakujibu.

Tulipofika hakuwapo. Palikuwa na shimo la zamani lililozungushiwa waya, na kando ya waya zilisimama buti zake nyekundu, zote mbili, zimeelekea shimoni.

Wewe hukuwahi kufika kule juu kwenye mashimo yetu ya madini, wanawake hawakuruhusiwa kusogea, kwa hiyo nikueleze. Anayeingia huacha viatu mdomoni mwa shimo, anashuka peku. Pedeje, maana ndivyo tulivyomwita mwenye shimo, anahesabu jozi asubuhi, na ardhi ikianguka anazihesabu tena. Jozi isiyo na mwenyewe maana yake kuna mtu chini, na watu watachimba mpaka wampate. Kila jozi ikipata mwenyewe, wanaacha kuchimba.

Russell alisema mtoto amebadilisha viatu tu, si alikuwa na raba kwenye begi, twende mbele tutamkuta. Mtu yeyote wa huku angeona hivyo. Mimi nilikuwa nimesharuka waya.

Ukutani mwa shimo kulikuwa na mbao kuukuu. Nilizishika nikashuka. Ya tatu ilikatika, nikaangukia kwenye ukingo wa jiwe usiozidi upana wa meza yako ya kulia, na chini yangu ni maji. Niliita, nikanyamaza nisikilize, nikaita tena. Udongo ulikuwa unanimwagikia shingoni kidogo kidogo. Juu, Russell amelala kifudifudi, ananisihi kwa lugha zake zote nisisogee. Niliogopa, Mama. Sijawahi kuogopa hivyo, hata tulipokuwa tukikimbia vita.

Kisha simu ya Russell ikalia. Ni Dative, anauliza tumepotelea wapi. Amandine alikuwa amemaliza njia peke yake, yuko garini anakula mkate. Buti zilikuwa zimeingia maji, akavaa raba, akaziacha zichuje akijua baba atazibeba.

Russell alifunga makoti kwa mkanda wa begi, akanivuta karibu saa nzima. Tulipofika garini alimwuliza Dative kwa upole Brice ni nani. Kumbe mle shimoni sikuwa nimemwita Amandine hata mara moja. Nilikuwa naita Brice.

Dative anajua kaka yangu alifia shimoni, hakujua mengine. Nimemweleza leo baada ya ibada. Aliniletea karatasi nikuandikie.

Siku ile ya Brice kulikuwa na jozi sita, wakatoka watu sita, na pedeje Mulonda akawaambia watu waende nyumbani. Brice alikuwa wa saba. Alipokosekana nyumbani ndipo wakaanza kuchimba, na walipomtoa siku ya tatu muuguzi alisema hajafa zamani, yaani wangechimba siku ileile wangemkuta hai. Ukaniuliza mbele ya ukoo wote kama Brice aliondoka na buti zake. Nikasema ndiyo, nilimwona amezivaa. Kwa neno hilo watu wakasema Mulonda alizificha ili asilazimike kuchimba. Akanyang'anywa shimo, na wewe mpaka leo kanisani humpi mkono.

Mama, nilidanganya. Buti nilikuwa nimezivaa mimi. Nilizichukua alfajiri Brice akiwa amelala, sikumwomba, nikaenda sokoni kumwona Dative nionekane mtu. Brice akaenda peku. Jioni nikasikia ardhi imeanguka lakini wote wametoka, nikadhani amelala kwa rafiki zake kule juu, nikalala usingizi. Ulipoanza kulia nilizitupa chooni.

Mulonda anajua. Asubuhi ile tulikutana njiani, akanitania kwamba buti za kaka zimenizidi. Baada ya maziko alinifuata nyuma ya nyumba, nikadhani amekuja kunipiga. Alisema mama yangu amebakiwa na mmoja, na yeye hatakuwa mtu wa kumnyang'anya huyo. Akaenda zake. Hajamwambia mtu mpaka leo.

Sikuombi unisamehe, na usinijibu kwanza. Waite wale wote waliokuwapo nikidanganya, uwasomee barua hii.

Dative anakuamkia, Amandine anakubusu. Wasalimie shangazi na mama wa kwaya. Msalimie na Mzee Mulonda, mpelekee salamu hizi wewe mwenyewe, kwa mkono wako.

Ni mimi, uliyebakiwa naye,
Josaphat