Igizo la Choo Lililonichefua

Kijiji cha Matongo,
Tarime, Mara.
28 Septemba 2025.

Mpendwa mdogo wangu Joram,

Hamjambo hapo Dodoma? Mgongo wako unaendeleaje, ile dawa ya kuchua imesaidia? Sisi huku wazima. Mvua zimeanza kunyesha kidogo kidogo, ng'ombe wana afya, na shemeji yako Bhoke ananigombeza kila siku, kwa hiyo ujue naye hajambo.

Nakuandikia kwa sababu jambo lenyewe siwezi kulisema kwenye simu. Wewe huweka spika, na mkamwana wako anasikia yote.

Kuna kwaya ya Nyakunguru imetunga igizo la kuimba, saa nzima na nusu, juu ya choo. Ndiyo, choo. Wanakuja kwenu kwenye tamasha la kwaya Jumapili ijayo, nami nataka uende. Lakini kwanza niache niseme lilivyonichefua.

Bhoke alinikokota mpaka uwanja wa shule. Wazee wamekaa pale pamoja na wakwe zao, mara wanaingia watu wazima sita wamejifunga maturubai meusi, eti ni nzi. Wakazunguka shimo wakiimba kwa sauti nne kusifu mavi. Unisamehe, neno ni lao. Nzi mmoja akatoka shimoni, akatua kwenye sahani ya ugali, akajipangusa miguu humo. Nilikuwa nimetoka kula, nikajaa mate mdomoni. Mchungaji anacheka mpaka anafuta machozi, mtu mzima asiye na haya. Nilisimama niondoke, Bhoke akanivuta koti.

Ndipo akaingia mwalimu Scola, kiongozi wa kwaya, akiigiza mkamwana mjamzito. Baba mkwe wake ana choo kizuri, lakini unajua kwetu, mkamwana haingii choo cha baba mkwe. Basi anasimama alfajiri nyuma ya mkonge, anaimba peke yake bila ngoma, anasubiri mzee apite ili akimbilie porini.

Nikamgeukia Bhoke. Hakuwa anatazama igizo, alikuwa ananitazama mimi.

"Baba Daudi," akasema, "Robi alikuwa anakwenda kule kwenye mashimo ya zamani ya dhahabu. Siku moja aliteleza ukingoni, akaokolewa na mzizi."

Robi ndiye mke wa Daudi wetu. Alirudi kwao Mbalibali mwezi wa saba akiwa na mimba ya miezi mitano. Mimi nilisema ni kiburi na uvivu, nikamwambia Daudi atafute mwingine. Unakumbuka choo changu cha bati na sakafu ya saruji, nilichokutumia picha yake? Nilibomoa kile cha zamani nikajenga hicho kimoja, nikawa namwonyesha kila mgeni. Desturi niliilinda sawasawa, ila sikujiuliza hata siku moja yeye anajisaidia wapi. Joram, kinyaa nilichowaonea wale nzi kilinigeukia mwenyewe. Mpaka leo nikijifikiria natamani kutema mate.

Mwishoni yule baba mkwe wa kwenye igizo anashika sururu, na watu wote wakasimama kuimba naye. Hata mimi niliimba, na sauti yangu unaijua ilivyo mbovu.

Kesho yake nikaanza kuchimba nyuma ya nyumba ya Daudi. Wiki mbili nzima, mwamba mtupu. Nilipomaliza kuezeka nikamtuma Bhoke Mbalibali akamwombe Robi msamaha kwa niaba yangu.

Kwa hiyo nenda ukalione. Kaa mbele, vumilia nzi, usiondoke. Brayan wako ameoa na mnakaa naye, na nyumba yenu ina choo kimoja.

Nisalimie mama Brayan, Brayan na mkewe, na dada yetu Matiko mkionana. Mungu awape usingizi mzuri na mgongo usiouma.

Bhoke amerudi jana. Anasema Robi alisikiliza yote, kisha akauliza jambo moja tu: "Mlango unafungwa kwa ndani?"

Ulikuwa haufungwi. Nimepigilia komeo leo asubuhi, na Daudi ameshaondoka kumfuata.

Kaka yako akupendaye siku zote,
Werema